Mnaanza kumpima nani? Jibu kwa dada wa Ahero kuhusu mtoaji wa uboho

Swali lilikuja refu, nimelifupisha: "Daktari, mdogo wetu ana miaka 11, ana sikoseli, mwaka jana alipigwa na kiharusi upande wa kulia na sasa anaongezewa damu kila mwezi hapa Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu. Tumeambiwa dawa ya kumaliza hii kitu kabisa ni kupandikizwa uboho, na tutafute mtoaji anayefanana naye. Kwa mama yetu tuko wanne: mimi 26, kaka 22, mgonjwa, na kitinda mimba wa miaka 6. Baba ana wengine wawili kwa mama mdogo. Sisi wengine hakuna mwenye sikoseli. Mjomba ana grupu ya damu sawa na ya mtoto, O+, na kanisa letu limesema watu hata mia mbili wako tayari kupimwa. Tuanzie wapi? Na ni ukweli mtu akitolewa hiyo kitu ya uti wa mgongo anaweza kupooza?"

Dada, pole sana, na umfikishie mama pole zangu. Ntajibu vile mambo yanakuja, mengine ntaenda nayo mbio na mengine nitakaa hapo kidogo.

Nianze na mjomba juu hiyo ni ya haraka. O+ yake haitusaidii. Watu wengi wakisikia "kufanana" wanafikiria grupu ya damu, na kwa kuongezewa damu ni sawa hiyo ndio inaangaliwa, lakini kwa uboho, yaani ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, kinachotafutwa ni kitu kingine kinaitwa HLA, alama fulani ziko juu ya seli za mwili ambazo kinga hutumia kujua huyu ni wetu ama ni mgeni, yaani ni kama kitambulisho cha seli. Jeni za HLA ziko kwa kromosomu ya 6 na za grupu ya damu ya A, B na O ziko kwa kromosomu ya 9, kila moja inarithiwa kivyake. Unaweza kuwa O+ kama mtoto na HLA zenu zisikutane popote, na unaweza kuwa B mkafanana kabisa. Tena mtu wa O akipandikizwa uboho wa mtu wa B, baada ya miezi kadhaa yeye mwenyewe anakuwa B. Kwa hivyo mjomba atusaidie na nauli, kupimwa asipimwe kwanza.

Sasa nyinyi wa tumbo moja na baba mmoja ndio mko mstari wa mbele, na sababu ni hesabu tu. Kila mzazi ana seti mbili za HLA, anampa kila mtoto seti moja, na ni bahati nasibu atatoa gani. Kwa hivyo kati yako na mgonjwa kuna nafasi 25% mmepata seti zilezile mbili, hapo mmefanana kamili, 50% mmekutana kwa seti moja, hiyo tunaita nusu, na 25% hamjakutana kabisa hata kama mnafanana sura mpaka watu wanawachanganya sokoni. Mko watatu wa kupimwa: wewe, kaka na kitinda mimba. Nafasi kwamba angalau mmoja wenu amefanana kamili ni kama 58%. Familia nyingi hazina hiyo bahati ya kuwa na watoto watatu wazima wa kupimwa. Wenye hawajui hali ya watoto wao wanafaa kukata kidogo hapo, juu ndugu lazima afanane na pia asiwe na sikoseli, na hizo mbili zinarithiwa mbalimbali, kwa hivyo kila ndugu anakuwa na kama 19% badala ya 25. Nyinyi mshavuka hiyo. Lakini mkapimwe himoglobini kwa labu rasmi, usiseme tu "sisi hatuna" kwa sababu hamjawahi kulazwa. Mkipatikana ni AS, wabebaji, msishtuke. Wengi wenu mtakuwa AS, wazazi wenu karibu hakika wote ni AS, na mtu wa AS anaweza kumtolea ndugu yake uboho bila shida. Mwenye SS, yaani sikoseli yenyewe, ndio hawezi.

Wale wawili wa mama mdogo ni ndugu zenu na hakuna mtu anabishana, lakini hapa wanaweza kupata seti ya baba peke yake. Ile ya pili imetoka kwa mama mwingine, ikifanana na ya mgonjwa ni bahati tu. Kwa hivyo hao wanakaa kwa orodha ya watu wa nusu, nyuma ya baba na mama. Binamu, mashangazi, watu wa ukoo, hao karibu wote ni kupoteza pesa kwa hatua hii, na najua hiyo inakuwa ngumu kueleza kwa kikao cha familia ambapo kila mtu amekuja na moyo wake mkunjufu.

Kuna kitu nakwambia wewe peke yako juu umeandika kama mtu mzima wa nyumba. Kipimo cha HLA cha familia nzima kinaweza kuonyesha kwamba baba anayejulikana sio aliyezaa. Hutokea. Mnapopelekwa kupimwa, mama aongee na daktari akiwa peke yake kabla sampo hazijachukuliwa, na muulize majibu yatapewa nani na yatasomwa aje. Daktari mzuri anasema tu "huyu amefanana, huyu hajafanana" na kuacha hapo. Nyumba ikiwa na mgonjwa haihitaji moto mwingine.

Kipimo chenyewe si kitu cha kuogopa. Ama unatolewa damu kidogo kwa ile chupa ya kifuniko cha zambarau, ama unasuguliwa ndani ya shavu na kijiti cha pamba, hujala wala kunywa chai kama nusu saa hivi. Kwa mgonjwa anayeongezewa damu kila mwezi, mwambieni anayechukua sampo tarehe ya mwisho aliongezewa, mara nyingi kijiti cha shavu ndio salama kwake. Na kabla mlipe hata shilingi moja, ulizeni ile hospitali mnafikiria kwenda inakubali majibu ya labu gani. Wanataka kipimo cha kiwango cha juu, kile cha kusoma jeni yenyewe, sio kile cha zamani cha juujuu, na hata ukienda nacho bado watarudia kwao kuhakikisha. Nimeona familia imelipa vizuri kabisa halafu karatasi ikakataliwa, ikabidi waanze upya na pesa ya mchango ishaisha.

Ripoti ikitoka usitishwe na herufi zake. Utaona mistari ya A, B, C na DRB1, kila mstari una namba mbili, moja ya baba na moja ya mama. Tuseme kwa mgonjwa pameandikwa A*30:01 na A*68:02, B*42:01 na B*15:10, C*17:01 na C*03:04, DRB1*03:02 na DRB1*03:01. Huo ni mfano tu, lakini ni namba za kwetu, 30:01 na 42:01 na 17:01 na 03:02 hupenda kutembea pamoja kwa watu weusi, hiyo ni seti moja nzima. Weka karatasi yako kando ya yake. Mistari minne mara mbili ni namba nane, zikilingana zote watasema 8 kwa 8. Hospitali zingine zinaongeza DQB1 inakuwa 10 kwa 10. Ukiona nne zimelingana na nne zimekataa, na zile nne ni moja kutoka kila mstari, basi wewe ni nusu, na hiyo karatasi usiitupe.

Sasa kitu hukuuliza lakini ndicho kinanisumbua zaidi, ni hii damu ya kila mwezi. Najua vile inaendaga. Damu imeisha, mnaambiwa leteni watu watoe, na wa kwanza kukimbia ni nyinyi ndugu, juu mnampenda. Kutoa toeni, hakuna ubaya damu ikienda benki ikapewa watu wengine, lakini mfuko uliotoka kwako, kwa kaka, kwa baba ama kwa mama usiingie kwa huyu mtoto. Kila akipata damu ya mtu wa karibu, mwili wake unaweza kujifunza kuzitambua alama zenu na kutengeneza askari wa kuzipiga, halafu siku ya kupandikizwa seli za mtu yuleyule zinaingia na zinafukuzwa. Uboho unakataa kushika, na huko ni hatari kubwa kwa sababu wakati huo wa kwake ushauliwa na dawa. Mwambie muuguzi wazi: huyu ni mgonjwa anayetarajia kupandikizwa, hatutaki damu ya familia. Sababu ya pili ni kwamba mtoto aliyepata kiharusi anaongezewa damu ili himoglobini ya sikoseli ishuke chini ya 30%, na ukimpa damu ya mtu wa AS unamrudishia kilekile unachojaribu kupunguza. Kama hospitali inaweza kumpa damu iliyochujwa seli nyeupe, na iliyolinganishwa zaidi ya ABO na Rh D, yaani hata zile C, E na Kell, iombeni. Pia ulizeni feritini yake ni ngapi. Damu ya kila mwezi inaleta chuma kingi mwilini, chuma kinakaa kwa ini na moyo, na hospitali ya kupandikiza itataka kishushwe kwanza kwa dawa. Hiyo kazi inaanza leo, haingoji mtoaji apatikane.

Tuseme mmepimwa na hakuna aliyefanana kamili. Miaka ya nyuma mazungumzo yangeisha hapo. Siku hizi kuna kupandikiza kwa nusu, na mzazi yeyote ni nusu kwa mtoto wake, kwa hivyo karibu kila mgonjwa ana mtu. Iliwezekana zaidi baada ya madaktari wa Johns Hopkins kule Baltimore kuonyesha kwamba ukimpa mgonjwa dawa ya saiklofosfamaidi siku ya tatu na ya nne baada ya kumwekea seli, unaua zile seli za mtoaji zilizokuja na hasira ya kushambulia mwili wake, na zile za kutengeneza damu zinabaki. Sikufichi, kwa sikoseli njia ya nusu bado ni ngumu kuliko ya ndugu aliyefanana, mwili hupenda kukataa zaidi, na inataka hospitali iliyofanya nyingi, sio inayojifunzia kwa mtoto wenu. Kabla wachague baba ama mama watapima kama mgonjwa ana askari dhidi ya yeyote kati yao. Hapo ndio utajua kwa nini nimepiga kelele hivyo juu ya damu ya familia.

Kwa ndugu aliyefanana kamili matokeo ni mazuri. Mtoto wa kwanza kujulikana kupona sikoseli kwa njia hii alikuwa Memphis, Marekani, habari zake zikachapishwa mwaka wa 1984, na hata hawakuwa wanatibu sikoseli, walikuwa wanatibu kansa ya damu yake. Baadaye wakakusanya wagonjwa 1000 wa sikoseli waliopandikizwa kutoka kwa ndugu aliyefanana, kati ya 1986 na 2013, na baada ya miaka 5 karibu 93 kwa kila 100 walikuwa hai, watoto wakifanya vizuri kuliko watu wazima. Hao wengine saba kwa mia ni watu pia, kwa hivyo usikubali mtu akuambie ni kitu kidogo. Na muulize daktari mapema kuhusu uzazi wa mtoto siku za usoni, dawa za kuua uboho wa zamani huathiri hapo na kuna mambo hufanywa kabla, sio baada.

Twende kwa watu mia mbili wa kanisa. Nafasi ya mtu baki mmoja kufanana na huyu mtoto ni ndogo sana, mia mbili hawabadilishi kitu, na kuwapima wote ni pesa ambayo ingemfikisha mtoto mbali. Ndio sababu dunia ilitengeneza rejista, yaani orodha za watu waliojitolea kumtolea uboho mgonjwa yeyote watakayefanana naye. Ya kwanza ilianzishwa London mwaka 1974 na mama mmoja, Shirley Nolan, akimtafutia mwanawe Anthony mtoaji. Anthony alifariki 1979 bila kupata, lakini rejista ilibaki na ina jina lake mpaka leo. Sahii zimeunganishwa na kuna zaidi ya watu milioni 40 dunia nzima. Shida ni rangi ya hiyo milioni 40. Rejista kubwa ya Marekani inasema mzungu ana nafasi kama 79% ya kupata mtu baki aliyefanana kamili, mtu mweusi 29%, na hao ni weusi wa Marekani, ambao angalau wenzao wamejiandikisha. Afrika ndio ina aina nyingi zaidi za HLA, Wajaluo wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa mbali kabisa, na walioandikwa kutoka huku ni wachache. South Africa wana rejista tangu 1991, Nigeria walianza 2012. Mwambieni daktari atume utafutaji wa kwanza, namba za HLA tu zinaingizwa kwa kompyuta, kwa kawaida huo haulipishwi, lakini ikifika kumpima mtoaji aliyepatikana, kumtoa na kusafirisha seli zake kutoka nchi nyingine, hesabu inakuwa ya mamilioni ya shilingi. Kwa familia nyingi za huku mimi husema ndugu kwanza, nusu pili, rejista tatu. Wengine wenzangu watapinga huo mpangilio, na kwa kansa ya damu ningeupinga hata mimi.

Kanisa lakini lina kazi. Watu mia mbili waende benki ya damu hapo Kisumu watoe kwa awamu, isiwe wote Jumapili moja, huyu mtoto na wenzake wa kliniki wanahitaji damu kila mwezi. Wengine washike mchango. Na kama mna vijana wa kwenu Minneapolis ama Dallas ama London, wenye miaka 18 mpaka 35, waambieni wajiandikishe rejista za huko, kijiti cha shavu wanatumiwa kwa posta na haiwagharimu kitu. Si lazima wamsaidie mdogo wenu, watamsaidia mtoto wa mtu mwingine anayefanana na sisi.

Na tafadhali, mkianza kutafuta kwa Facebook na WhatsApp mtapigiwa simu. Mtu atasema ana mtoaji aliyefanana na anataka laki moja ya kumshikilia. Hakuna mtu anaweza kujua amefanana bila kuona ripoti ya mgonjwa, na uboho hauuzwi. Kata simu.

Kupooza. Hapana dada, haitolewi kwa uti wa mgongo, hiyo sindano ya mgongo ni kitu kingine kabisa. Simama uweke mikono kiunoni, pale gumba limegusa mfupa huko nyuma juu ya makalio, ni huo mfupa wa nyonga. Unalazwa usingizi wa dawa, hausikii, wanaingiza sindano na kuvuta uboho ambao kwa macho ni damu nzito tu, saa moja ama mbili imeisha. Ukiamka kiuno kinauma kama mtu aliyeanguka na pikipiki ya mwendo wa pole, siku chache ama wiki hivi, na mwili unarudisha uliotolewa ndani ya wiki chache. Njia ya pili ni kudungwa siku kama tano sindano za filgrastimu, dawa ya kusukuma seli za uboho zitoke ziingie kwa damu, mifupa inauma kama homa ya malaria, halafu unaunganishwa na mashine masaa kadhaa inachuja seli kutoka kwa damu. Kwa sikoseli wengi hupendelea uboho wenyewe kutoka kwa mfupa, juu seli za damu huleta zaidi ile shida ya seli za mtoaji kumshambulia mgonjwa.

Kama wewe na kitinda mimba mtafanana wote, toa wewe. Mtoto wa miaka 6 anaweza kutoa, imefanywa sana, lakini mwisho ni mililita 20 kwa kila kilo ya mtoaji, akiwa na kilo 18 hiyo ni mililita 360 tu na inaweza isitoshe mgonjwa wa miaka 11. Na yeye hawezi kukataa, hiyo peke yake inatosha kumweka wa mwisho.

Mahali pa kwenda: wengi wa huku huenda India, wana uzoefu wa miaka mingi. Lakini msisahau Tanzania, hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kupandikiza watoto wenye sikoseli mwaka 2023, lugha ni moja na mama atakaa na mtoto bila mkalimani. Waandikieni wote wawili, muulize wamefanya watoto wangapi wa sikoseli, wangapi wako hai, na bei inajumuisha siku ngapi za kukaa karibu na hospitali baadaye, hapo ndipo watu huishiwa pesa. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, wana utaratibu wa matibabu ya nje kwa kitu kisichopatikana nchini, lakini kibali kinatafutwa kabla ya kusafiri, ukienda kwanza umeshajilipia.

Kliniki ijayo nendeni na kaka na kitinda mimba, mpimwe himoglobini nyote watatu, mchukue barua ya HLA ya watu sita: nyinyi wanne, baba na mama. Majibu yakitoka nitumie, ufute majina, uandike tu mgonjwa, dada, kaka, mdogo, baba, mama, nitakusomea.